"Check" ina maana ngapi? Naomba msaada kabla sijachapa karatasi ya wahudumu

KarafuuMbichi:
Assalaam aleikum. Natayarisha karatasi ya maneno ya Kiingereza kwa vijana wanaoanza kazi mikahawani Nungwi. "Check" limenishinda. Kamusi inasema kagua, zuia, hundi, miraba ya nguo. Haya yanahusiana vipi, na kijana atajuaje mgeni anataka lipi?

NgalawaTupu:
Waaleikum salaam. Asili yake sataranji. "Shah" kwa Kiajemi ni mfalme. Neno likapita kwenye Kiarabu na Kifaransa cha kale, likafika Uingereza kuwa "check", onyo kwamba mfalme katishiwa. Akishatishiwa huna ruhusa ya kucheza jengine mpaka umwokoe, ndiyo ikazaa kuzuia. Kuzuia makosa ndiko kukagua, na "cheki" yetu ya mtaani imetoka huko huko. Hundi nayo: mwanzo "check" kilikuwa kile kipande kinachobaki, cha kulinganishia karatasi isije ikawa ya kughushi.

Miraba ni ubao wenyewe. Tangu karne ya 12 maafisa wa mfalme wa Uingereza walihesabia mapato juu ya kitambaa cha miraba, na hazina yao mpaka leo ni "Exchequer". Tahajia hiyo ndiyo iliyowavuta Waingereza kuandika "cheque".

MaalimChake:
Karatasi usiipange kikamusi, ipange kwa anachosema mgeni.

"Check, please", sahani zimeshaliwa: Mmarekani huyo, anataka bili. Mwingereza atasema "bill". Peleka bili, si risiti. Risiti baada ya kulipa.

"Could you check if...": nenda jikoni ukaulize, urudi na jibu. Kuitikia "yes" na kubaki umesimama si jibu.

"Check my bag": hapa ndipo panapoharibika, kijana akafungua zipu. Mgeni hataki kupekuliwa, anakukabidhi begi. Lifunge kibandiko chenye namba, mpe yeye kipande chenye namba ile ile. Uwanja wa ndege pia, maana yake begi liende kwenye shehena.

Na fomu ikisema "check the box", tia tiki.

KarafuuMbichi:
Ahsanteni sana. Hiyo ya begi naiweka juu kabisa. Na "checkmate" ni "mfalme amekufa"?

NgalawaTupu:
Wengi husema hivyo kwa sababu "mata" ya Kiarabu ni kufa, ukoo mmoja na mauti na maiti. Lakini "mat" ya Kiajemi ni kuishiwa, kukosa la kufanya. Na ubaoni ndivyo ilivyo: mfalme haliwi, hukosa pa kwenda tu.