Mzigo wa Kigoma–Kisangani kwa reli na maji: unashushwa mara ngapi?

Mwambao_Ujiji:
Wakuu habari. Kuna mashine tatu za kukoboa mpunga na injini zake za dizeli, jumla kama tani 2, zinatakiwa Kisangani, Kongo (DRC). Ramani inaonyesha Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, reli hadi Kindu, mto Lualaba hadi Ubundu, kisha reli tena. Nikipakia kwenye behewa pale Kalemie, litafika hilo hilo? Na mzigo ukiwa njiani naufuatiliaje?

Reli1067:
Halifiki. Utashusha Kalemie, Kindu, Ubundu na Kisangani, halafu mara ya tano, kwa sababu stesheni ya Kisangani iko Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, na katikati ya mji ni ng'ambo ya kulia. Hapo unalipia kivuko na makuli upya, gharama ambayo wengi hawaiweki kwenye hesabu.

Chanzo ni mto wenyewe. Wabelgiji waliufanya mto kuwa njia kuu, reli wakaziweka pale tu chombo kisipopita. Karibu na Kongolo kuna Portes d'Enfer, korongo lenye maji makali, ndiyo maana ikajengwa reli ya Kongolo–Kindu, kilomita 355. Kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko saba ya Boyoma, ikajengwa reli ya kilomita 125 iliyofunguliwa 1906. Kipande hicho hakijaungana na reli nyingine yoyote mpaka leo.

Na geji, yaani upana kati ya reli mbili, hazilingani. Reli ya kati ya Tanzania inayofika Kigoma ni milimita 1,000. Kalemie–Kabalo–Kongolo–Kindu ni 1,067, maana ilipanuliwa miaka ya 1950 ili iungane na reli ya Katanga kupitia Kamina. Ubundu–Kisangani imebaki 1,000. Hata ukivusha behewa la Kigoma kwa meli, Kalemie halitembei.

Gati_la_Kindu:
Ndugu, tani 2 si tatizo. Angalia kipande kizito kuliko vyote. Ubundu usitegemee winchi: makuli wanapitisha mti kwenye kamba na kubeba mabegani. Treni ya pale ikikosekana, mzigo unaendelea kwa pikipiki na baiskeli, kwa hiyo kilo 100 kwa kipande ndiyo mwisho, na pungufu ya hapo ni bora zaidi.

Fungua gurudumu zito la injini lisafiri peke yake. Tangi na rejeta vivyo hivyo. Mwaga dizeli na oili yote. Shafti na roli za kukobolea zipake grisi, uzifunge kwa nailoni, kwa sababu boti za mbao za Kindu–Ubundu hazina paa la maana na safari ni kama kilomita 300. Kasha la mbao liwe na miguu miwili ya ubao chini, kamba ipate pa kupita.

Bolti usizikusanye kwenye mfuko mmoja. Mfuko huo ukipotea, mashine zote tatu zimelala. Kila bolti irudishwe kwenye tundu lake, nati ikazwe. Kila kasha liandikwe namba pande zote, 1/24, 2/24 na kuendelea, na orodha ya vitu iwe ya Kifaransa. Fomu ya FERI, yaani ya taarifa za mzigo unaoingia nchini, inayotolewa na OGEFREM, ofisi ya Kongo ya usimamizi wa mizigo, ipatikane kabla mzigo haujafika mpakani. Wakala wa forodha wa Kalemie anaijua.

Juni hadi Septemba maji ya Lualaba hupungua na mafungu ya mchanga hujitokeza. Boti hupakia kidogo, kwa hiyo mzigo unaweza kugawanywa. Usikubali mashine itenganishwe na injini yake.

Foni_HF:
Kuhusu kufuatilia: mtandao wa simu upo mijini, Kalemie, Kongolo, Kindu, Kisangani. Katikati kuna mapengo marefu. Minara mingi huko inategemea dizeli au sola, na dizeli hiyo inapita njia ile ile ya mzigo wako. Treni ikikwama, mnara nao unaweza kuzima, kwa hiyo usihesabu kimya kuwa ni wizi. Ulizia redio ya HF, ya mawasiliano ya mbali, wenyeji wanaiita foni. Ndiyo inayofika simu zisipofika.

Weka mtu kila kituo. Akutumie picha ya makasha yakishuka, na nyingine yakipakiwa, namba zikionekana. Malipo yafuate picha ya pili, siyo ya kwanza. M-Pesa ya Kongo ina salio la dola na la faranga, basi mkubaliane mapema ni lipi. Kisangani wako nyuma ya Kigoma kwa saa moja, Kinshasa kwa saa mbili.

Reli1067:
Kama muda unabana kuliko pesa, pima pia barabara ya Uganda: Kasindi, Beni, Komanda, Mambasa, Niania, Kisangani. Lori linaweza kufika bila kubadilisha chombo. Ila usalama wa Ituri na Kivu Kaskazini unabadilika, na mvua huharibu njia, kwa hiyo habari za kufuata ni za madereva waliopita wiki hiyo hiyo.