Justinian, Heraclius au Basil II: nani aliacha urithi mkubwa zaidi Bizanti?

Kisima_Kirefu: Wakuu, tulinganishe makaisari watatu wa Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya Mashariki iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli (Istanbul ya leo): Justinian I (527–565), Heraclius (610–641) na Basil II (976–1025). Naangalia kilichobaki baada yao, siyo idadi ya nchi walizoteka. Mimi nampa Justinian. Jopo la mwanasheria Tribonian lilizikusanya sheria za Kirumi zilizokuwa zimetapakaa kwa karne nyingi, Digesta ikatoka mwaka 533, na karne nyingi baadaye chuo cha Bologna, Italia, kikaja kufundisha sheria kwa kitabu hicho. Kanisa la Hagia Sophia nalo alilijenga kwa miaka isiyofika sita, na leo, likiwa msikiti, watu wanasali humo.

Mlinzi wa Kumbukumbu: Sheria sikupingi, mkuu. Ila tazama gharama. Januari 532 wananchi walipoasi, askari wake waliwafungia kwenye uwanja wa mbio za farasi wakawachinja. Mwanahistoria Procopius, aliyeishi zama hizo, anataja watu wapatao 30,000. Italia aliipigania kuanzia 535 hadi 554 ikabaki magofu, na miaka mitatu tu baada ya kifo chake Walombardi, kabila la Kijerumani, wakaivamia.

BintiPwani: Hapo kwenye Italia mumsamehe kidogo, tauni ya 541–542 ilimkatia watu na kodi kwa pamoja, naye mwenyewe aliugua akapona. Kinachoniuma ni alichofanya baadaye: shamba la aliyekufa, kodi yake ikadaiwa kwa jirani aliyebaki hai. Linganisheni na Basil II, ambaye aliwabebesha matajiri wenye ardhi kodi ya majirani zao maskini walioshindwa kulipa. Mkulima mdogo alikuwa na mtetezi Ikulu, na kwangu hilo lina uzito kuliko kuba lolote.

Abu Twalib: Jamani, Heraclius mnamruka! Sisi wa madrasa tunamjua kama Hirakli, na Surat Ar-Rum imezungumzia kushindwa kwa Warumi na ushindi wao ujao. Mwaka 614 Waajemi waliteka Yerusalemu wakauchukua Msalaba ulioaminika kuwa aliosulubiwa Yesu. Hazina ilikuwa tupu, fedha za makanisani zikayeyushwa kuwa sarafu za kulipia jeshi. Akaenda vitani mwenyewe, akawapiga Waajemi karibu na Ninawi Desemba 627. Ni kweli kushindwa na Waislamu Waarabu pale Yarmuk mwaka 636 kulimpotezea Shamu, na Misri ikafuata. Lakini bila yeye, hicho kiti cha enzi Basil angekirithi wapi?

Kisima_Kirefu: Ustadh, hoja nzito hiyo. Wa Basil, mnasemaje kuhusu mateka wa Kibulgaria aliowapofusha mwaka 1014?

BintiPwani: Ule ni ukatili, siutetei. Ila urithi wake hauishii Bulgaria. Alimwoza dada yake Anna kwa Vladimir wa Kiev, naye Vladimir akabatizwa karibu mwaka 988. Uorthodoksi wa Urusi na Ukraine ya leo unaanzia hapo.

Mlinzi wa Kumbukumbu: Dada yangu, Basil aliacha hazina iliyojaa bila mtu wa kuilinda. Hakuoa, na mpwa wake Zoe aliachwa bila mume hadi anakaribia miaka 50, wakati damu ya kifalme ilikuwa imebaki kwa Zoe na dada zake tu. Mwaka 1028 akaozwa haraka haraka kwa Romanos III, na huyo Romanos, alipokalia kiti tu, akaifuta ile kodi ya matajiri unayoisifu.