Salio limeliwa nikiwa Kagunga, kampuni inasema nilikuwa Burundi: nifanyeje nirudishiwe?

MwaloKibirizi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, maana watu watatu wameshaniambia "hiyo imekwenda, weka vocha nyingine" na roho yangu imekataa.

Nauza dagaa na migebuka hapa Kigoma. Oda karibu zote zinaingia WhatsApp, za Dodoma, Morogoro na Dar. Mteja analipa, mimi nafunga mzigo naupakia kwenye basi. Nikikosa data siku moja, wateja wanahamia kwa mwingine.

Wiki iliyopita giza lilikuwa limekolea na wavuvi wanapata, nikapanda boti Kibirizi kwenda Kagunga, kijiji cha huku kwetu mpakani na Burundi, kuchukua mzigo mwenyewe. Kabla ya kupanda niliweka vocha, salio la kawaida likafika 27,600. Kifurushi cha wiki kilikuwa bado na GB 3 na ushee, na siku nne mbele. Ile 27,600 niliitunza ya kununulia kifurushi cha mwezi hiki kikiisha.

Kagunga nimelala usiku mmoja tu. Mpaka sijavuka, Burundi sijakanyaga. Nililala kwa mwenyeji wangu, simu nikaiweka juu ya gunia karibu na kichwa. Mida ya saa nne usiku ikaingia meseji ya kunikaribisha Burundi. Mwenyeji akasema hizo hapa zinaingia kila siku, nikalala. Alfajiri nampigia picha mteja dagaa wakiwa chanjani, picha haiendi. Kuangalia salio: sifuri. Kifurushi kipo vilevile, hakijapungua hata kidogo. Nikapiga 100, ikapokea sauti ya Kifaransa.

Niliporudi mjini nikaenda duka la kampuni. Dada wa kaunta akatazama kompyuta, akasema nimetumia data nje ya nchi na mfumo umekata sahihi. Nikamweleza kwamba sijatoka nchini. Akarudia vilevile. Nikaomba karatasi inayoonyesha nilitumia nini na saa ngapi, akasema hawezi kunipa kwa sababu laini haiko kwa jina langu. Hapo ana haki, laini ilisajiliwa na kaka yangu aliyeko Kasulu, maana kipindi kile cha alama za vidole namba yangu ya NIDA ilikuwa haijatoka.

Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa ya namna hii? Nianzie wapi?

TaboraMjini

Pole sana dada. Mimi salio lilikuwa linaliwa kila asubuhi, nikaja kugundua nimeunganishwa na huduma za meseji za michezo ambazo sikuwahi kuziomba. Angalia kama kuna meseji za namba fupi zinaingia kila siku. Kama zipo, jitoe kwanza, usije ukaweka vocha nyingine ikaliwa tena.

MwaloKibirizi

Asante. Nimekagua, hakuna. Pesa yote imekwenda usiku mmoja.

Fundi wa Gungu

Dada, hiyo ni romingi. Kwa watu wa ziwani na wa mpakani ni tatizo la miaka mingi.

Iko hivi. Simu inatafuta kwanza mtandao wako. Ikiukosa, labda mlima umeuziba au mnara umezimika, inashika mtandao wowote wenye makubaliano na kampuni yako. Juu ya maji hakuna kitu cha kuzuia mawimbi, kwa hiyo mnara ulio mbali ufukweni upande wa Nyanza-Lac, Burundi, unaweza kukufikia vizuri kuliko wa kwetu ulio nyuma ya kilima. Kuanzia hapo mfumo unakuhesabu kama msafiri. Kifurushi cha ndani hakitumiki, kila MB inakatwa kwenye salio la kawaida kwa bei ya ng'ambo. Ndiyo maana GB zako zimebaki salama na 27,600 imekwisha.

Na huhitaji kuishika simu. Usiku WhatsApp inajipakulia picha na video za magrupu, programu zinajisasisha, picha zako zinapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Fungua mipangilio, sehemu ya matumizi ya data, uone programu gani ilikula usiku ule. Piga picha ya skrini sasa hivi kabla mwezi wa hesabu haujageuka.

Ile meseji ya kukaribishwa Burundi usiifute. Ni ushahidi wako namba moja.

Kijana wa Reli

Hama mtandao tu, kampuni zimejaa.

Fundi wa Gungu

Kijana, kuhama hakumsaidii. Laini yoyote yenye romingi ikifika Kagunga inaweza kushika mnara wa ng'ambo. Na namba yake ndiyo wateja wanayoijua. Tumsaidie apate haki yake kwenye laini aliyonayo.

Manyovu Juu

Mimi niko huku Buhigwe, kwetu mpaka unauona kwa macho. Kuna dalili moja ambayo wengi hawaijui: saa ya simu. Burundi wako nyuma yetu saa moja. Simu iliyowekwa ijipangie saa yenyewe, ikishika mnara wao inarudi nyuma saa moja. Mimi nikiona saa ya simu na ya ukutani hazilingani, najua tayari. Dalili nyingine ni herufi R ndogo juu pembeni ya alama za mtandao.

Halafu ikishashika kule inaweza kung'ang'ania hata mtandao wa nyumbani ukirudi. Mimi huwa naweka hali ya ndege kama dakika moja, nikiitoa inaanza kutafuta upya.

MwaloKibirizi

Manyovu Juu umenikumbusha jambo! Nilitega alamu ya saa kumi na moja alfajiri niwahi mwaloni. Ilipolia nikakuta wenzangu wameshatoka na kumeanza kupambazuka. Nikadhani nimeitega vibaya. Kumbe simu ilikuwa inahesabu saa ya Burundi!

Msoma Sheria

Hilo la saa liandike kwenye lalamiko lako, dada, maana rekodi ya kampuni na meseji za simu yako zinaweza kupishana saa moja. Usipoeleza mapema watasema maelezo yako hayalingani.

Sasa utaratibu. Mlezi wa sekta hii ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na haki za mtumiaji zinalindwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Lakini TCRA huwezi kuanzia kwao. Lazima kampuni ipewe nafasi kwanza, na uwe na kitu cha kuonyesha kwamba uliipa. Maneno ya kaunta hayabaki popote. Andika barua fupi, peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri urudi nayo. Ukipiga simu, usikate kabla hujapewa namba ya lalamiko. Bila hiyo namba, kesho unahadithia upya kwa mtu mwingine.

Kwenye barua usianze na hasira. Omba mambo matatu: mchanganuo wa makato ya usiku ule, saa kwa saa na mtandao uliotumika, tarehe ambayo romingi iliwashwa kwenye laini hiyo na nani aliomba, na kurudishiwa kiasi kamili, utaje 27,600.

Wengine watakutajia kanuni za vifurushi ambazo TCRA ilizitangaza mwaka 2021, zile za kutaarifiwa kifurushi kikifika asilimia 75 na 100, na kupewa uchaguzi wa kuendelea bila kifurushi. Ni nzuri, ila usiegemee hapo. Kifurushi chako hakikuisha. Hoja yako ni kwamba umetozwa bei ya nje ya nchi ukiwa ndani ya nchi. Ishike hiyo moja, usiichanganye na kitu kingine.

Wakikataa au wakikaa kimya, unapeleka TCRA ile barua yenye muhuri, namba ya lalamiko na ushahidi. Pia lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, hao kazi yao ni kumsemea mtumiaji. Wakili hahitajiki.

Fundi wa Gungu

Nyongeza kwenye mchanganuo. Kila nchi ina namba yake ya utambulisho kwenye mitandao ya simu: Tanzania 640, Burundi 642, Kongo 630. Ukiona 642, umeshajua mnara ulikuwa wa nani. Hiyo inathibitisha simu ilishika wapi, haithibitishi wewe ulikuwa wapi. Unahitaji karatasi inayosema ulilala Tanzania.

Shangazi Ujiji

Mwanangu, mzigo si ulilipia ushuru kule Kagunga? Ile risiti ya mashine ya halmashauri ina tarehe na mahali. Itafute kabla wino haujafutika, zile karatasi zikikaa juani zinakuwa nyeupe. Ipige picha leo leo.

Na kaka yako mwombe aje kutoka Kasulu na kitambulisho chake. Mkifika dukani malizeni yote mawili: achukue mchanganuo, halafu laini ihamishiwe kwa jina lako. Unafanyia biashara laini ya mtu mwingine, siku akipatwa na jambo unapoteza namba na wateja. Piga *106# uhakiki usajili wako ukoje.

Yule binti wa kaunta usimgombeze, bei hapangi yeye. Mwombe kwa upole akuonyeshe msimamizi wake.

MwaloKibirizi

Shangazi, risiti nimeipata! Ilikuwa ndani ya kanga niliyofungia pesa. Imeanza kufifia ila tarehe inasomeka, na jina la Kagunga linasomeka. Nimeipiga picha. Kaka anakuja Jumatatu.

MwaloKibirizi (siku nne baadaye)

Wakuu, tumekwenda. Safari hii tulikaribishwa kukaa. Kaka aliweka kidole, wakatoa mchanganuo, kurasa mbili. Data imeanza kukatwa saa 4:07 usiku na kuisha saa 7 kasoro. Kwenye karatasi mtandao umeandikwa na namba inaanza 642. Nilipoweka risiti ya ushuru pembeni yake, yule dada aliisoma mara mbili, akanyanyuka akaenda kumwita msimamizi.

Msimamizi akauliza kwa nini sikuzima romingi. Nikamjibu kwamba sijawahi kuiwasha, na nimeomba kwa maandishi nionyeshwe lini niliiwasha. Akagonga muhuri kwenye nakala yangu na kunipa namba ya lalamiko. Laini sasa iko kwa jina langu.

Manyovu Juu

Safi sana. Wengi huku tunakatwa 2,000, 3,000, tunaona usumbufu kufuatilia. Lete mrejesho, kuna watu wengi tunaosubiri.

MwaloKibirizi (wiki mbili baadaye)

Ndugu zangu, leo asubuhi nimepigiwa simu. Wamekubali kwamba eneo lile simu zinashika mnara wa ng'ambo. Wamenirudishia 26,900 kama salio. Ile 700 iliyobaki ni meseji mbili nilizotuma alfajiri kabla sijajua kinachoendelea, wanasema hizo nilizituma mwenyewe. Nimeiacha. Swali la lini romingi iliwashwa hawajalijibu, wamesema tu wameizima. Hilo bado nalidai kwa barua ya pili, kwa sababu Kagunga kuna akina mama wengi wenye laini kama yangu na hawajui kwa nini salio linaisha.

Fundi, maelezo yako nimeyafanyia kazi. Nimezima romingi ya data kwenye simu, nikatoa uchaguzi wa mtandao kwenye otomatiki nikauchagua wa kwangu mwenyewe, na WhatsApp haijipakulii video tena.

Fundi wa Gungu

Vizuri. Ujue tu ukichagua mwenyewe, pale mtandao wako unapokosekana simu itakaa bila huduma kabisa. Usishtuke.

MwaloKibirizi

Imeshatokea. Jana nimelala Kagunga tena. Kuanzia saa tatu simu iliandika hakuna huduma, nikawaambia wateja mapema kwamba nitawajibu asubuhi. Simu ya mwenyeji wangu ilipokea ile meseji ya Burundi, tukakaa na taa ya karabai nikamzimia romingi yeye na wanawe wawili. Saa kumi na moja alamu ililia kwa saa yetu. Mtandao umerudi jua likichomoza, salio 26,900, halijaguswa.

Nawashukuru wote. Shangazi Ujiji, nikija Jumamosi nakuletea migebuka.

Shangazi Ujiji

Nakusubiri mwanangu. Ile nakala yenye muhuri usiitupe.