Mrejesho: OSPF ya Kampala na Jinja imekubali

Wakuu, niliuliza kwa nini OSPF (itifaki ya ruta kuambizana njia za mtandao) kati ya ruta ya Kampala na ya Jinja inakwama EXSTART (hatua ya mwanzo ya kubadilishana taarifa) ilhali ping, jaribio la kufikika, inapita. Aliyesema nikague MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti), ubarikiwe sana! Kampala ilikuwa 1500, Jinja 1400. Ping ndogo hupenya tu, ila Jinja ilikuwa inakataa pakiti za DBD (muhtasari wa taarifa za njia) zinazotangaza MTU kubwa kuliko yake. Nimeweka 1400 pande zote, jirani (ruta ya upande wa pili) akawa FULL, yaani ameungana kikamilifu, papo hapo. Ile amri ya mtu-ignore (kupuuza tofauti ya MTU) mliyopendekeza sikuitumia, inaficha ugonjwa.

Sabuneti (vipande vya mtandao) nimeziacha zilivyo: 192.168.10.0/24 imekatwa /26 nne, anwani 62 za vifaa kila moja, na /30 (anwani mbili tu za vifaa) kwenye laini ya kuunganisha ruta. Mbale wakija, nafasi ipo.