Nimewapeleka watoto bustani ya wanyama, mdogo ameniuliza swali limenishinda

Wakuu, habari zenu.

Jumamosi nilienda na wanangu wawili, wa miaka tisa na mitano, kwenye bustani ya wanyama na mimea ya mkoa. Tulifika saa sita mchana. Simba kalala. Chatu kajiviringisha kama tairi, hatikisiki. Kwenye banda la bundi tulikodolea macho gogo dakika kumi tukidhani ndiye (hadi leo sina hakika kama halikuwa bundi). Aliyekuwa macho ni chui peke yake, naye anakwenda na kurudi kando ya uzio, anageukia palepale kila mara, mpaka chini pamechongeka njia. Mdogo akaniuliza, "Baba, anatafuta mlango?" Nikababaika, nikasema twendeni tukaone twiga.

Tangu siku hiyo ananiuliza tena kila akienda kulala. Mkubwa anataka turudi, anadai hatukuona kitu. Mama yao anasema yatosha. Naombeni ushauri: nirudi nao? Na yule mdogo nimjibu nini?

MzeeWaNdoo: Mkuu, nimetunza wanyama miaka mingi. Kosa la kwanza ni saa sita. Simba hujilaza hadi saa 20 kati ya 24, halafu unataka akuamkie jua la utosi? Nenda geti linapofunguliwa, au jioni wakikaribia kufunga. Uliza pia ratiba ya kulisha. Chatu msahau, huyo akishakula anaweza kukaa wiki kadhaa hana haja na mtu.

Sasa chui. Akitembea vile muda mfupi kabla ya chakula, mara nyingi anamsubiri mtu wa ndoo. Hatua zetu wanazijua kuliko tunavyodhani. Akitembea kutwa nzima, hapo kuna shida: mnyama hana la kufanya, au hana pa kujificha macho ya watu. Dawa yake ni kumfichia nyama juu ya miti ahangaike kuitafuta, kumwekea harufu ngeni, magogo ya kupanda, kichaka. Na nikuambie ukweli, tabia hiyo ikishakomaa huweza kubaki hata banda likitengenezwa vizuri. Muulize mtunzaji: huwa anatembea saa ngapi, kwa muda gani? Anayeijua kazi yake hatakasirika.

Kijiti: Mimi nasema msirudi. Kiingilio chako ndicho kinachomweka chui ndani. Mtoto wa miaka mitano kashaona, watu wazima ndio mnaotafuta maelezo.

MzeeWaNdoo: Kijiti, hoja yako ina uzito, lakini kumbuka chura wa Kihansi. Bwawa la umeme lilipunguza maji ya maporomoko kule Tanzania, ule ukungu aliokuwa akiishi ndani yake ukakauka. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, wakalelewa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa nyumbani. Bila vile visanduku vya vioo, leo tungekuwa na picha tu.

Kijiti: Chura sawa. Chui je?

MzeeWaNdoo: Chui ndiyo maana nimesema aulize.

Ticha_Biolojia: Mbona nusu nzima ya bustani mmeiruka? Mdogo mpeleke kwenye mimea. Aguse kifauongo aone majani yanavyojifunga. Kama wana ule mmea unaonasa nzi, mweleze kwamba vinywele vya ndani vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde kama 20 ndipo mtego unafumba, ili usijifunge bure kwa tone la mvua. Ila asiuchokoze kwa kidole! Mtego mmoja hufumba mara chache tu kisha hunyauka.

Kwa heroe, muulize mkubwa kwa nini wana rangi ya waridi. Rangi inatoka kwenye chakula. Ndiyo maana kwenye mabustani huwekewa chakula chenye rangi hiyo, la sivyo manyoya mapya hutoka yamefifia.

Halafu msizunguke mabanda yote. Chagueni matatu, mkae nusu saa kila moja. Mkubwa mpe daftari na saa, kila dakika aandike mnyama anafanya nini: amelala, anatembea, anajilamba. Wataalamu wa tabia za wanyama hufanya hivyohivyo.

Pilipili77: Lile lilikuwa gogo mkuu. Bundi alikuwa tawi la juu anawacheka.

Mleta uzi: Nimerudi na mrejesho. Leo asubuhi tumekaa kwa chui nusu saa. Daftari la mkubwa linasema: dakika 17 anatembea, 9 amelala juu ya gogo, 4 "anatuangalia sisi". Mtunzaji akapita, nikamuuliza kama nilivyoshauriwa. Hakukasirika. Alikiri kwamba kabla ya chakula hutembea zaidi, lakini siku zenye wageni wengi pia hutembea, na kwamba banda ni la zamani, halina pa kujificha. Mdogo akamwambia, "Mfichie nyama juu ya mti." Yule bwana akacheka, akasema huwa wanaficha, ila si kila siku. Mdogo akamuuliza kwa nini si kila siku. Kicheko kikaisha.

Nilimjibu mwanangu kwamba ndiyo, huenda siku nyingine anatafuta mlango. Alinyamaza, akaenda kugusa kifauongo.

Bundi tumemwona. Kweli yuko tawi la juu.

Sasa swali la usiku limebadilika: watu wakishaondoka, chui anafanya nini? MzeeWaNdoo, nisaidie tena.

MzeeWaNdoo: Usiku ndio muda wake, hapo ndipo anapoamka kweli. Waulize kama wana kamera bandani, na kama kuna anayeangalia hizo picha.

Kijiti: Ukipata jibu leta hapa. Hilo nami nalitaka.