Shimesikio la kuchaji au la betri za kubadilisha? Mama yuko Pangani

MwanaPangani: Habari za humu wakuu. Mama ana miaka 68, kapimwa usikivu: umepungua kwa desibeli 55 kulia, 60 kushoto. Tumeshaambiwa anunuliwe shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia kusikia. Duka limetupa aina mbili, zote za kukaa nyuma ya sikio: la kuchaji, na la betri ndogo za kubadilisha ambalo bei yake iko chini kidogo. Mama anaishi na mjukuu, umeme wa kwetu mnaujua, na vidole vyake vina baridi yabisi. Kariakoo nako kuna jamaa anauza vikuza sauti kwa bei ya kutupa. Mnaovaa hivi vitu, nishaurini.

fundi_redio: Cha Kariakoo achana nacho. Kinakuza vyote kwa pamoja: feni, kuku, sufuria. Shimesikio lenyewe hupangwa kwenye kompyuta kufuata kipimo chake. Wazee wengi hupotewa na sauti nyembamba kwanza, ndiyo maana "saba" na "shaba" zinawachanganya. Hizo ndizo zinazoongezwa, nzito wanaziacha. Kati ya hizo mbili, mimi nachukua la betri.

Bi_Mwanaidi: Mwanangu, mimi navaa la betri miaka mingi, nakwambia uzuri na ubaya wake. Betri zangu ni namba 13, zina kibandiko cha rangi ya chungwa. Ukikibandua hewa inaingia, betri imeshaanza kazi, hata ukikirudishia haisaidii. Iache dakika chache kabla ya kuitia. Mimi inanifikisha wiki, ikizidi siku kumi. Ikizima katikati ya msiba natoa nyingine pochini, naendelea. Lakini ni kidude kidogo mno! Ikidondoka mkekani tunaitafuta nyumba nzima. Kwa vidole vya mama yako, la kuchaji.

jirani_wa_Raskazone: Naungana na Bi Mwanaidi. Umeme usikutishe, muulize muuzaji kama chaja inatumia waya wa USB, hapo pawabenki inatosha. Uliza pia betri ya ndani ikichoka baada ya miaka kadhaa nani anaibadilisha, kwa sababu mara nyingi huwezi kuifungua mwenyewe. Na joto la pwani: jasho na unyevu vinaua hivi vitu. Usiku kikaushwe na kitambaa, kilale kwenye kopo la vikausha unyevu.

Mzee_Kijana: Kwani asipandikizwe kile kifaa cha ndani ya sikio kinachowekwa hospitali ya Muhimbili? Si walianza 2017?

fundi_redio: Hicho ni cha upasuaji mkuu, kwa ambao shimesikio haliwatoshi. Mama hajafika huko.

kiziwi_wa_Moro: Mimi ni kiziwi tangu utotoni, homa ya uti wa mgongo. Shimesikio halikunifaa, natumia Lugha ya Alama. Simshauri mama aanzie huko, majirani hawaijui ataongea na nani? Ila mnabishana betri kana kwamba kazi yote ni ya kifaa. Huyo mjukuu afundishwe: amguse bega kwanza, akae kwenye mwanga, azime TV, asipige kelele maana ukipiga kelele mdomo unapinda hausomeki. Kwa wakala wa pesa mama aombe kiasi kiandikwe. Na simu yake iwekwe programu ya Google inayogeuza maneno kuwa maandishi, Kiswahili inakijua. Bando tu liwepo.

MwanaPangani: Shikamoo Bi Mwanaidi. Nimeuliza, chaja yao ni ya USB. Sasa hela yangu inatosha la kuchaji moja, au ya betri mawili. Kwenye hilo mnasemaje?

Bi_Mwanaidi: Marahaba. Basi nabadili ushauri: mawili. Kwa sikio moja bodaboda inapiga honi hujui inatoka upande gani. Betri atabadilishiwa na mjukuu. Mnunulie pakiti kadhaa mjini, tazama tarehe ya mwisho.

jirani_wa_Raskazone: Mjukuu akirudi shule ya bweni je? Mimi ningenunua moja la kuchaji, la pili mwakani.

Bi_Mwanaidi: Jirani, mwakani ni mbali kwa mtu wa miaka 68. Na wiki za mwanzo avae saa chache tu, humo ndani. Atashtuka kusikia kanga yake ikisuguana, atakuambia kifaa kibovu. Usikirudishe dukani. Akiendelea kulalamika, mrudishe kwa aliyempima akipunguze sauti.