Nataka kuacha redio niwe mwandishi na mhariri wa kujitegemea. Mnaishije?

Binti Kilosa

Habari za jioni wakuu. Niko redio moja ya mkoani Morogoro, mwaka wa tano sasa. Asubuhi nasoma taarifa ya habari, mchana naandaa kipindi cha wakulima, usiku naandika makala za magazeti ya Dar. Posho inachelewa. Makala inalipwa ikitoka, na isipotoka hakuna wa kukuambia. Juzi shirika moja limenipa kijitabu cha lishe nikihariri, na malipo yake yamezidi ninachopata redioni kwa mwezi. Tamaa imeniingia. Mtu anaweza kuishi kwa kalamu bila mwajiri? Na huku kurukaruka, leo redio, kesho gazeti, keshokutwa vitabu, watu hawatasema sijui ninachotaka?

Jogoo la Shamba

Usiache redio, dada. Ukiwa na maikrofoni wanakutafuta, ukiiachia wanasema "yule aliyekuwaga redioni". Mimi nilitoka. Sasa nauza kava za simu Msamvu, na kusema kweli nalala vizuri zaidi.

Msoma Prufu

Jogoo umenichekesha, ila binti bado hajajibiwa.

Nilianza miaka ya tisini, korespondenti wa mkoani. Stori unaituma kwa faksi, filamu ya picha unaitia kwenye bahasha unampa kondakta wa basi la Dar. Mwisho wa mwezi unakata kwa mkasi kila stori yako iliyotoka, unabandika kwenye karatasi, unampelekea mhasibu. Usichobandika hulipwi. Baadaye nikahamia Dar, deski la prufu, kusaka makosa kabla gazeti halijachapwa, zamu ya usiku. Maripota walituona sisi wa prufu kama watu walioshindwa kazi. Mwanangu, mtaji wangu wote umetoka kwenye deski lile, kwa sababu mtu anayeliona kosa saa tano usiku, ukurasa unasubiriwa mtamboni, hasahauliki. Wale wahariri walipotawanyika kwenye mashirika na kampuni za vitabu, walinipigia simu mmoja mmoja.

Vitabu vya shule vilinilisha vizuri enzi wachapishaji binafsi wanashindania vitabu vya kiada. Serikali ilipoirudishia Taasisi ya Elimu kazi hiyo, simu zikakatika. Nikaingia michezo ya redio ya miradi ya afya. Nikatafsiri hojaji za watafiti, zile ambazo ukimaliza anapewa mtu mwingine azirudishe Kiingereza bila kuona ya kwanza, halafu mnakaa mezani kubishana. Zilipokuja tamthilia za nje za kuingizwa sauti, za Kichina TBC, kisha za Kituruki Azam, nilikaa na waigizaji nikifupisha mistari, maana Kiswahili kirefu na mdomo wa Mturuki umeshafunga.

Swali lako la kurukaruka jibu lake liko hapo. Wewe unaona kazi tano. Mteja haoni tano, anaona mtu wa kumwondolea aibu kabla watu hawajasoma.

Sasa pesa. Usiangalie nani ana pesa, angalia nani ana tarehe. Mhariri wa gazeti akiikosa makala yako ana nyingine kumi. Lakini shirika linalotakiwa kumpelekea mfadhili ripoti ya mwaka, au kampuni yenye mkutano wa wanahisa, hao hawana njia ya kukwepa. Ndiyo maana kuhariri kunalipa kuliko kuandika. Kwa ofisi za serikali, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mei na Juni wanakuja mbio wamalize bajeti, Julai na Agosti usitegemee hata shilingi. Ada za watoto zipangie hapo.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kumbukumbu za wastaafu. Mzee amekuwa meneja wa shirika la umma, au mwalimu mkuu, anataka kitabu kabla hajafa. Unakwenda kwake na kinasa sauti, chai inakuja, anaanza na babu yake. Siku nzima hamjafika alipozaliwa! Usimkatize, humo ndimo kitabu kilimo. Jina langu haliwekwi kwenye jalada na sijawahi kulilia. Ninachokililia ni malipo kwa theluthi: moja kabla ya kurekodi, moja nikikabidhi rasimu, moja kabla faili halijaenda kiwandani. Na mkataba usainiwe na mzee pamoja na mtoto mmoja, kwa sababu mzee akiugua, watoto wengine watakuuliza nani alikuita.

Mvita Kaskazini

Asante mama. Mie niko Mombasa. Huku gazeti la Kiswahili la kila siku ni Taifa Leo pekee, kwa hiyo nafasi ya makala ni finyu. Sisi wa Kiswahili twaishi kwa shule: mitihani ya majaribio, na miongozo ya vitabu teule vya fasihi. Vitabu teule vikibadilishwa, hulali. Nyongeza moja: tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, kila mtu anataka hotuba itafsiriwe, tena bure kwa sababu ati ni lugha yetu. Tarehe 8 simu kimya.

Binti Kilosa

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili. Kodi nalipaje? Na kitambulisho cha uandishi nitakihitaji nikishatoka redioni? Bei nayo naogopa kuitaja.

Msoma Prufu

Marahaba mwanangu.

TIN, namba ya mlipakodi, uwe nayo kabla ya mteja wa kwanza kuiomba. Mashirika yatakukata 5%, kodi ya zuio kwa huduma. Dai cheti chake kila mara, maana kinapunguza unachodaiwa na TRA mwisho wa mwaka. Bila cheti umelipa ukasahauliwa.

Kitambulisho: ukiendelea kukusanya habari na kuripoti, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka uwe na ithibati, yaani kibali cha kazi ya uandishi wa habari, ajira iwepo isiwepo, na elimu wanaanzia stashahada. Ukikaa ndani kuhariri vitabu kama mimi, hakuna atakayekuuliza mlangoni.

Bei usitaje kabla hujaona kazi. Omba kurasa tano za katikati, siyo za mwanzo, mwanzo kila mtu anaandika vizuri. Zihariri kwa saa, ujue ukurasa unakula dakika ngapi. Ukurasa kwangu ni maneno 300, si karatasi, kuna watu wanabana herufi mpaka unatafuta miwani. Na akikuambia "imeshatafsiriwa na mashine, wewe pitisha macho tu", hiyo toza kama tafsiri mpya. Ngeli zimevurugika, na kufumua sentensi ya mtu ni kazi kuliko kuandika yako.

Redio usiiache mwezi huu. Subiri mteja wa pili, asiyefahamiana na wa kwanza. Kile kijitabu cha lishe, kama shirika limeridhia, nitumie kurasa tano inbox nione unavyokata. Tuma kabla ya Alhamisi, Ijumaa naingia studio na simu huwa naizima.

Jogoo la Shamba

Mama, na mimi nitume? Nina hadithi ya Msamvu.

Msoma Prufu

Kurasa tano. Za katikati.